Kuruti Aliyeitwa Ngamia

Siku Inasio alipogawiwa sare, suruali ilimwishia katikati ya muundi na kofia ikamkaa kichwani kama kifuniko kidogo juu ya chungu kikubwa. Mgawaji, askari mnene aliyeketi juu ya sanduku la mbao, alimpima kwa macho kutoka miguuni hadi utosini, akarudi tena miguuni, halafu akauliza:

"Kijana, wenzako walipoacha kukua wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa shambani, afande," Inasio akajibu kwa heshima zote, maana hakujua kwamba anataniwa.

Foleni nzima nyuma yake ikaangua kicheko. Yeye mwenyewe alipoelewa alicheka pia, tena akachelewa kunyamaza kuliko wenzake, na ndiyo maana jina la kwanza kushikwa siku hiyo na Koplo Erasto, mkufunzi wao wa kwata, likawa lake.

Ilikuwa mwaka 1972. Kambi ile ya ndege, nje kidogo ya mji wa Mtwara, ilikuwa bado changa. Kulikuwa na mabanda ya mabati ya kulala, jiko la makuti, tangi la maji, mlingoti wa bendera, na uwanja wenyewe: njia ndefu ya kurukia ndege ambayo jua likiwa la utosi ilitetemeka kwa joto mpaka ukadhani ina maji. Ndege zenyewe hazikulala pale. Zilikuja, zikashusha mizigo, zikapakia mingine, zikaenda zao. Kazi ya makuruti ilikuwa kujifunza uaskari na kuhakikisha ndege ikija haikuti ng'ombe, kichaka wala kichuguu mbele yake.

Inasio alikuwa ametoka kijiji kimoja cha kando ya Ruvuma, mahali ambapo asubuhi unasikia majogoo wa ng'ambo wakijibizana na wa kwenu. Mama yake, Conceicao, alivuka mto huo zamani akiwa na mimba ya binti yake Carlota, akalima muhogo upande huu, akamzaa Inasio upande huu, na hakurudi tena. Ng'ambo kulikuwa na vita. Watu wa kando ya mto hawakuhitaji redio kuwaambia. Waliisikia wenyewe, na zaidi ya yote waliisikia angani. Ndege za Wareno zilipovuma, Conceicao alikuwa akitupa jembe, akawanyakua watoto wake na kuwalaza katikati ya matuta ya muhogo, kisha akawalalia juu kama kuku na vifaranga. Hakuwahi kunyanyua uso mpaka mvumo uishe kabisa.

Lakini Inasio alinyanyua. Alikuwa bado mdogo siku hiyo alipochungulia chini ya kwapa la mama yake, akaiona ndege tumbo lake lote, ikipita juu ya mto. Aliogopa mpaka akajikojolea. Hata hivyo tangu siku ile akawa na swali ambalo halikumtoka: mle ndani mna nini? Nani anaiambia igeuke? Inajuaje njia ya kurudi kwao? Alipokua na kusikia kwamba jeshi linaandikisha vijana kwa ajili ya kambi ya ndege, alitembea kwenda kujiandikisha kabla hajamaliza kupalilia.

"Watu wazima wanaikimbia ndege," mama yake akamwambia alipokuwa akifunga kifurushi chake cha safari, "wewe unaikimbilia. Nimezaa mtu wa namna gani?"

Hakumzuia lakini. Alimfungia muhogo mkavu, akamsindikiza mpaka njia ya malori, na hakulia mbele yake.

*

Maisha ya kambini yalimkubali Inasio haraka kuliko alivyotarajia. Alfajiri filimbi ilipolia walikimbia mchakamchaka kuelekea mtaa wa Magomeni wa hapo Mtwara na kurudi, wakiimba kwa sauti ambayo iliwatoa akina mama kwenye nyua zao wakiwa na mafagio mikononi. Baada ya hapo uji, kwata, kufyeka, darasa la siasa chini ya paa la makuti, chakula, kufua, na jioni mpira wa miguu kwenye kiwanja chenye mteremko, ambapo timu iliyopanda mlima kipindi cha kwanza ndiyo iliyoshinda mara nyingi.

Kitu pekee alicholalamikia ni ugali. Yeye alikuwa amelelewa kwa ugali wa muhogo, unaovutika na kuteleza. Ule wa sembe aliona unakwama kifuani.

"Huu si ugali," alimwambia jirani yake wa kitanda siku ya kwanza. "Huu ni udongo wa kukandikia nyumba."

Jirani huyo alikuwa Ismaili, mtoto wa wakulima wa korosho wa kijiji cha Ziwani, mfupi, mwenye maneno mengi na macho yasiyotulia. Alikuwa akiswali sala zake zote kwa wakati, kisha akimaliza anarudi kwenye utani pale pale alipouachia. Mama yake, Bi Mwanakombo, alikuwa akimletea korosho za kukaanga kila alipopata mtu wa kumtuma, na Ismaili alikuwa akizigawa kwa banda zima huku akitangaza kwamba ni sadaka ya tajiri. Kwa namna hiyo, katika muda mfupi, mrefu yule na mfupi yule wakawa hawaachani. Walipokwenda mjini Jumapili kunywa chai ya mkandaa isiyo na maziwa na mandazi, watoto wa Magomeni waliwafuata nyuma wakiwaita "mnazi na kinu".

Kazi iliyompendeza zaidi Inasio ilikuwa ya siku ndege ilipokuja. Ilikuwa ya mizigo, ya propela mbili, yenye tumbo kubwa lililoshuka chini, na makuruti walikuwa wameibatiza jina la Mjamzito. Walianza kuisikia kabla ya kuiona. Wenzake walikimbilia viatu. Yeye mgongo ulimsisimka kwanza, ile hofu ya matuta ya muhogo ikipita mwilini kama baridi, halafu akakimbia naye. Mlango wa nyuma ulipofunguliwa waliingia tumboni mle, wakibeba magunia ya sukari, maboksi ya dawa, mapipa, blanketi. Ndani palinuka mafuta na turubai lililokaa juani. Inasio aliinua kichwa akaona nyaya zikipita darini kama mishipa, akakaa akizifuata kwa macho mpaka mtu wa nyuma akamkanyaga visigino.

"Nimejua sasa mle ndani mna nini," alimwambia Ismaili walipokaa kivulini kufuta jasho.

"Mna nini?"

"Sukari."

Wakacheka mpaka wakalala chali.

*

Tatizo lilikuwa kwata.

Inasio aliweza kukimbia kuliko wote. Aliweza kubeba, kuruka, kutambaa, na bunduki aliisafisha ikang'aa. Lakini Koplo Erasto alipoamuru "Mbele tembea!" kitu fulani kilikatika kati ya kichwa chake na viungo vyake. Mguu wa kushoto ulipokwenda, mkono wa kushoto nao ukaenda pamoja nao. Wa kulia vivyo hivyo. Alikuwa akitembea upande upande, akiyumba kama mtu aliyebeba mlango. Na kwa kuwa alikuwa mrefu kuliko wote, hakukuwa na mahali pa kumficha.

Koplo Erasto, mtu wa nyanda za juu, mkavu wa mwili na mwenye sauti ya kupasua bati, alimtazama siku nyingi kabla ya kupata neno linalofaa.

"Ngamia!" alisema hatimaye. "Nilimwona kule mpakani kaskazini. Mnyama pekee anayetembea hivi. Kuruti Ngamia, toka mstarini, nenda mbele peke yako, wenzako wakutazame."

Inasio alitembea. Watu wakauma midomo. Hakuna katika banda lile aliyewahi kumwona ngamia, isipokuwa Ismaili aliyedai kwamba kwa kuwa ni Mwislamu anamfahamu kwa karibu, lakini jina likashika. Mpaka mpishi akawa anamwita Ngamia anapompakulia.

Jina halikumuumiza. Kilichomuuma ni kwamba alipokosea yeye, waliadhibiwa wote. Walipiga magoti juani kwa ajili ya mkono wake. Walizunguka uwanja na mifuko ya mchanga kwa ajili ya mkono wake. Wengine walianza kunyamaza anapoingia bandani, na jamaa mmoja wa kitanda cha mlangoni akamwambia waziwazi kwamba kama angekuwa na aibu angejifanya mgonjwa mpaka gwaride lipite.

Maana gwaride lilikuwa linakuja. Siku ya kula kiapo, mkuu wa kambi, mwenye cheo cha kapteni, angekagua, wazazi wangealikwa, na Mjamzito yenyewe ingepita juu ya uwanja kuwapa heshima. Koplo Erasto alimwita Inasio pembeni ya tangi la maji. Safari hii hakupaza sauti.

"Sikiliza, kijana. Mimi sina chuki na wewe. Unafanya kazi. Lakini askari haapi akiwa nje ya gwaride, na mimi siwezi kupeleka mbele ya mkuu wa kambi mtu anayetembea hivyo. Usipojirekebisha nitakuacha, na ukiachwa unarudi nyumbani. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, afande."

"Haya. Nenda kale."

Hakula. Alikaa kitandani ameshika mestini, bakuli lake la bati, mapajani, akifikiria namna atakavyoshuka kwenye lori kijijini na mama yake akimtazama kutoka shambani bila kuuliza neno. Ismaili alikaa upande wa pili, akamnyang'anya mestini, akaanza kumlia ugali wake.

"Nimekuwa nakutazama," alisema mdomo umejaa. "Ukienda kuchota maji unatembea kama binadamu. Ukienda chooni, kama binadamu. Ukienda kanisani ndiyo kabisa, unarusha mikono kama waziri. Ni pale tu anaposema 'tembea' ndipo unaposahau. Kwa hiyo si mwili ulioharibika. Ni masikio."

"Sasa niyakate?"

"Tuyadanganye."

Kuanzia siku iliyofuata, walipopelekwa kufyeka nyasi kavu pembezoni mwa uwanja, Ismaili alikuwa akichagua mahali nyuma ya Inasio. Walitembea kurudi wakiwa na mafyekeo mabegani, na Ismaili akimwuliza maneno. Kwenu mnapika nini siku ya sikukuu? Ming'oko, ile mizizi ya porini, mnaichemsha kwa muda gani? Kisamvu mnakitia nazi au karanga? Inasio, ambaye njaa ya chakula cha kwao ilikuwa haimwishi, alijibu kwa kirefu, akieleza mama yake anavyotwanga, anavyochuja, anavyofunika chungu kwa jani la mgomba. Na katikati ya maelezo, kwa sauti ya chini kabisa, Ismaili akawa anachomeka: "Mbele tembea." Mwanzoni mkono ulikimbilia mguu palepale. Baadaye ukasita. Baadaye ukaanza kujiendea wenyewe, kwa sababu mwenye mkono alikuwa mbali, kwenye chungu cha ming'oko.

"Usiache kufikiria chakula," Ismaili alimwagiza. "Mguu wa kushoto, sema ming'oko. Wa kulia, kisamvu. Moyoni, lakini! Usije ukamwagizia koplo chakula cha mchana."

Kesho yake asubuhi, amri ilipotoka, Inasio alibana meno, akaelekeza mawazo jikoni kwa mama yake, akatembea. Ming'oko, kisamvu. Ming'oko, kisamvu. Mkono wa kulia ulipanda na mguu wa kushoto. Koplo Erasto alimwacha atembee mpaka mwisho wa uwanja wa gwaride, akamgeuza, akamrudisha, akamgeuza tena. Kisha akavua kofia, akajikuna kichwa, akaivaa.

"Ngamia amekufa," alisema. "Amepatikana mtu. Endeleeni!"

Kikosi kizima kililipuka kwa vifijo, na yule jamaa wa kitanda cha mlangoni ndiye aliyepiga mluzi mkubwa kuliko wote.

*

Inasio alikuwa amepeleka salamu kijijini kupitia kwa dereva wa lori la korosho, kwamba mama akiweza aje siku ya kiapo. Hakutegemea. Lakini asubuhi ile, walipokuwa wamejipanga nyuma ya mabanda wakipulizana vumbi kwenye viatu, Ismaili alimgusa kiwiko.

"Yule mwanamke mrefu kama wewe, mwenye kuku, ni nani?"

Conceicao alikuwa amesimama kwenye kundi la wazazi, nyuma ya kamba iliyofungwa kwenye vigingi. Alikuwa na kitambaa cheupe kichwani na kanga mpya ambayo mikunjo ya dukani ilikuwa haijanyooka. Chini ya kwapa alikuwa ameshika jogoo, miguu imefungwa. Kando yake Bi Mwanakombo wa Ziwani alikuwa amekwisha kumpa nafasi kwenye mkeka wake, na wanawake wale wawili, ambao hawakuwa wamewahi kuonana, walikuwa wakizungumza kama watu waliokulia nyumba moja. Kuzunguka kwao walikuwa watu wengine wa kando ya mto, waliokuja kwa lori lile lile.

Gwaride likaingia. Jua lilikuwa kali, bendi ilikuwa ngoma mbili na tarumbeta moja iliyokuwa na kikohozi, lakini vumbi lilipanda vizuri na viatu vikapiga ardhi kwa pamoja. Inasio alikuwa mstari wa mbele, mwishoni kulia. Ming'oko, kisamvu. Alipita mbele ya mama yake bila kugeuza shingo, akasikia kigelegele chake na kukitambua kati ya vyote. Walisimama. Walikula kiapo, mkono juu, sauti moja. Mkuu wa kambi akawakagua mmoja mmoja, akapita mbele ya Inasio, akanyanyua kidevu kumtazama, akatabasamu kidogo na kuendelea.

Kisha Mjamzito ikasikika.

Ilikuja kutoka upande wa Msimbati, chini kuliko ilivyozoea, kwa kuwa rubani alitaka kuwapendezesha wageni. Wazazi wa mjini walinyoosha vidole. Watoto wakarukaruka. Lakini pale katikati ya kundi, watu wa kando ya mto walijitupa chini wote kwa wakati mmoja, kama nyasi zilizopitiwa na fyekeo. Hakuna aliyepiga kelele. Walilala kifudifudi vumbini na nguo zao za sikukuu, mikono vichwani, na Bi Mwanakombo akabaki amekaa peke yake mkekani, akiangaza huku na huku bila kuelewa.

Inasio alikuwa kwenye mguu sawa. Macho mbele. Pembeni kabisa mwa jicho lake aliona kitambaa cheupe kimelala ardhini, na chini ya mama yake, chini ya mwili wake wote, mtoto mdogo wa watu wengine ambaye alikuwa amemnyakua kama alivyokuwa akiwanyakua wao. Jogoo alikuwa ametupwa kando akipiga mabawa. Mvumo ukapita juu, ukatikisa mabati, ukaenda. Wengine walianza kuinuka wakipangusa magoti kwa aibu. Conceicao hakuinuka. Alikuwa akingoja mvumo uishe kabisa, na mvumo haukuisha, kwa sababu Mjamzito ilikuwa inageuka ili irudi kutua.

Inasio hakuwaza chakula. Hakuwaza kitu. Alipiga hatua moja mbele, akageuka kulia, akatembea. Alitembea mwendo wa gwaride, mikono ikipanda na kushuka barabara, mbele ya mkuu wa kambi, mbele ya Koplo Erasto ambaye mdomo ulibaki wazi, akavuka kamba kwa hatua moja ya mguu wake mrefu, akapiga magoti vumbini.

"Mama," alisema kwa Kimakonde. "Mama, ni mimi. Inuka uitazame."

"Lala chini!" Conceicao alisema bila kunyanyua uso, akamshika kola ili amvute.

"Ni yetu hii. Ni ndege yetu, mama. Ndiyo inayoleta sukari. Mimi ndiye ninayeipakua. Nyanyua uso, nipo hapa nimekushika."

Ilichukua muda. Mkono wake ukalegea kwenye kola ya mwanawe. Akanyanyua uso, vumbi limemjaa kwenye nyusi. Ndege ilikuwa inashuka mwisho wa uwanja, kubwa, taratibu, miguu yake imetolewa, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake Conceicao aliitazama ndege tangu ikiwa angani mpaka ilipogusa ardhi na kusimama. Alimwachia mtoto yule arudi kwa mamaye. Alikaa, akajipangusa. Kisha hasira ikampanda, ile hasira ya mtu aliyeogopeshwa bure.

"Sasa kwa nini hawakusema?" aliuliza kwa Kiswahili, kwa sauti ya kusikika uwanja mzima. "Wametuita na nguo nzuri, halafu wanatuletea kitu kile juu ya kichwa bila hata hodi!"

Halafu kicheko kikaanza, kwanza kwa Bi Mwanakombo, kikasambaa kwa watu wa mtoni wenyewe, waliocheka huku wakijifuta machozi. Conceicao alimtazama mwanawe aliyepiga magoti mbele yake, mwenye sare, mwenye magoti meupe kwa vumbi, akasahau hasira. Akafungua kanga yake ya juu, akamfunga nayo shingoni, akapiga kigelegele kirefu mpaka sauti ikakatika.

"Rudi kazini kwako," akamwambia. "Mkubwa wako anakutazama vibaya."

Inasio alisimama, akageuka, akarudi kwa mwendo ule ule, kanga nyekundu ikipepea mgongoni. Akasimama mahali pake. Mkuu wa kambi alikuja mbele yake.

"Nani alikupa ruhusa ya kutoka kwenye gwaride?"

"Hakuna, afande."

"Unajua adhabu yake?"

"Sijui, afande. Lakini nitaifanya."

Kapteni alitazama kule kwa wazazi, kwa wale waliokuwa bado wanapangusa nguo, na alipozungumza tena alizungumza kwa chini, kwa Inasio na Koplo Erasto tu.

"Kosa ni lake, na kosa jingine ni letu. Hatukufikiri." Akamgeukia koplo. "Aoshe vyombo vya jiko mpaka niseme basi. Na kanga hiyo asiivue mpaka gwaride liishe. Amepewa na mama yake."

*

Mchana ulikuwa wa pilau. Makuruti, ambao sasa hawakuwa makuruti tena, walikaa na wazazi wao kwenye mikeka chini ya mikorosho ya kambi. Jogoo alikabidhiwa kwa mpishi. Koplo Erasto alikuja mwenyewe mpaka kwenye mkeka wa Conceicao, akavua kofia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Wewe ndiye unayempigia kelele mwanangu?"

"Ndiye mimi, mama."

"Endelea. Tangu utotoni hasikii mara ya kwanza. Lakini blanketi mlilompa ni jepesi, nimekwenda kuliona."

Erasto alicheka, kitu ambacho Inasio hakuwa amewahi kukiona, na akauliza kama mama angependa kuiona ndege kwa karibu. Walikwenda wote, watu wa mto kwa pamoja, wakisogea polepole na kusimama kila hatua chache. Rubani, aliyekuwa amekwisha kuambiwa, alishuka na kuwaomba radhi mmoja mmoja kwa mkono. Conceicao alizunguka ndege nzima. Aliinama akatazama magurudumu. Mwishowe akaweka kiganja kwenye tumbo lake, akakiacha pale.

"Ina joto," alisema kwa mshangao. "Kama ng'ombe."

"Imetoka safari, mama," Inasio akamweleza.

"Nayo inachoka?"

"Inachoka. Ndiyo maana tunaipa maji na mafuta."

Aliitikia kwa kichwa, ameridhika, kama mtu aliyepata jibu la jambo jingine kabisa.

Kwenye njia ya kurudi, Koplo Erasto alimwambia Inasio kwamba kuanzia Jumatatu atakuwa na kikosi cha zimamoto cha uwanja. "Kule hawatembei," alisema. "Wanakimbia. Nimeona nikupeleke kabla hujasahau tena mkono wa kulia ni upi." Inasio alitaka kushukuru, lakini Erasto alikwisha kuondoka, akimfokea mtu aliyekalia kamba ya bendera.

Halafu ikabaki adhabu. Nyuma ya jiko kulikuwa na masufuria ya pilau, meusi na makubwa kiasi kwamba mtu angeweza kuketi ndani yake, na Inasio alikunja mikono ya shati akaanza. Ismaili, ambaye hakuna aliyemwadhibu, alikuja akakaa juu ya kuni, akawa anasuuza na kupanga huku akisimulia gwaride zima upya, akijiongezea humo nafasi ambayo hakuwa nayo. Conceicao aliwatazama kwa muda kutoka mlangoni. Kisha akatoa sauti ya kukata tamaa, akafunga kanga kiunoni, akachota jivu jikoni, akachanganya na mchanga.

"Mama, hairuhusiwi," Inasio alisema. "Adhabu ni yangu."

"Adhabu ni yako, sufuria ni la watu watakaokula kesho. Sogea. Unalipapasa kama linaumwa." Alizama kwenye sufuria mpaka mabegani, akisugua kwa ngumi, sauti yake ikitoka humo ndani kama pangoni, akiwapa habari za nyumbani: Carlota amejifungua mtoto wa kike, mbuzi wa jirani wamekula miche, mwaka huu mabibo yamekuwa matamu kupita kiasi na walevi wameongezeka.

Barabarani dereva wa lori alianza kupiga honi kuwaita wasafiri. Akapiga tena. Bi Mwanakombo akaja mbio kumwita mwenzake. Conceicao akatoa kichwa kwenye sufuria, jivu limempaka shavuni.

"Mwambieni asubiri," alisema. "Hili bado chini halijatakata."